Leo Mtandao Hakuna

Wapendwa, kabla hatujasoma neno la leo, nina habari ya mwalimu mmoja. Msimtafute, hayumo humu. Au pengine yumo.

Mwalimu huyu wa darasa la sita alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, chaki mkononi, na mtihani wa karatasi kila mwisho wa muhula. Darasani kwake kulikuwa na binti mmoja ambaye kuandika kulimshinda kabisa, lakini mwambie aeleze kwa mdomo jinsi alivyotunza bustani ya mchicha ya shule, utakaa chini umsikilize. Basi agizo likaja: walimu wote wajifunze kwa njia ya mtandao namna mpya ya kuwapima watoto, kwa vitendo, kwa picha, kwa sauti, kisha kazi za watoto zipakiwe kwenye mfumo. Mwalimu akafurahi, akamrekodi yule binti kwenye simu. Halafu akafungua yale mafunzo. Akabonyeza hapa, ikagoma. Akabonyeza pale, kila kitu kikatoweka. Aibu ikamshika. Angemwuliza nani, na ofisini kila mtu anasema ni rahisi?

Mwenzake mmoja wa shule ya jirani akamnong'oneza, "Dada, nipe namba yako ya siri. Nakumalizia leo leo."

Akampa. Cheti kikaja: alama tisini na sita kwa mia! Shule nzima hakuna aliyemfikia.

Mwalimu mkuu akakibandika ukutani. "Mwalimu, umetuheshimisha. Jumatatu utufundishe wote, maana mfumo unafungwa jioni yake."

Niambieni, raha angeipata wapi? Jumapili kanisani aliimba midomo tu. Jumatatu akasimama mbele ya walimu kumi na mmoja, kompyuta imewashwa, na maneno yakamtoka yenyewe: "Jamani, leo mtandao hakuna."

Mnadhani kuna aliyebisha? Wa kwanza akasema, "Kweli, hamna kabisa." Wa pili, "Tangu asubuhi." Simu ya mwalimu mkuu ikalia mlio wa ujumbe hapo hapo mezani. Akaigeuza kifudifudi, akasema, "Mtandao wa huku nao! Haya, tufunge kikao."

Mwalimu akawatazama wakikusanya madaftari haraka haraka, nyuso zimekunjuka. Ndipo akaelewa. Kumbe hakuna hata mmoja aliyejua! Wote walikuja wakiomba kimoyomoyo mtandao ukatike. Angesema tu, "Wenzangu, hata mimi sijui," wangepumua, wakavuta viti, wakahangaika pamoja mpaka waelewe. Hakusema. Jioni mfumo ukafungwa. Sauti ya yule binti ikabaki ndani ya simu, na mbele ya jina lake pakasomeka: hana kazi.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mwalimu hakuumbuka, wapendwa. Aliyeumbuka ni mtoto.

Sasa tunamcheka nani? Sisi hapa tukiulizwa habari za nyumbani tunajibu "Mungu ni mwema," na ndoa inaungua. Kijana wetu amezama kwenye pombe, tunasema yuko masomoni. Mmoja anadanganya, wote tunaitikia amina, kila mtu akimwogopa jirani mwenye cheti kikubwa. Na huko nyumbani wapo wadogo wanaolipia heshima yetu hii.

Nimezoea kuwaambia, mgeukie jirani yako, mwambie umebarikiwa. Leo sitaki. Leo mwambie, "Nimeshindwa, nisaidie."

Mbona kimya? Mnaona aibu? Basi naanza mimi. Tangu mke wangu alazwe, mwezi wa tatu huu, nawaongoza hapa kwenye maombi, na nikirudi nyumbani nikapiga magoti, sina hata neno moja. Mchungaji wenu hawezi kuomba. Nimeshindwa, wapendwa. Nisaidieni.