Farasi Asiyekaribishwa

Sogeeni mkekani, niwasimulie. Mjane Mwanashee aliachiwa farasi na marehemu mumewe. Farasi akawa achechemea, hali chochote.

Siku ya kwanza Mwanashee alimkanda mguu kwa mafuta ya ufuta, akamwekea majani, akaenda kula peke yake. Farasi hakula. Siku ya pili akamkanda, akamwekea majani, akaenda kula peke yake. Farasi hakula. Siku ya tatu farasi akasema kama mtu:

"Bibi, hata mpita njia huambiwa karibu. Mimi hujaniambia tangu bwana alipofariki."

"Sijamwambia yeyote," Mwanashee akajibu.

Akaleta sinia yake zizini, akaketi. "Karibu," akasema, na machozi yakamtoka.

Farasi akala.

Mguu haukupona, jamani. Lakini kila adhuhuri alichechemea hadi mlangoni kwa Mwanashee, akasimama kungoja lile neno.