Kikao Kilichokataa Kufungwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa bonde moja walimfukuza Simba, mfalme wao. Wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba! Kisha wakafanya mkataba: kila ukoo una kura moja, na neno halipiti mpaka wote waseme ndiyo.

"Hatutaki tena mkubwa wa kutuamrisha!" walisema.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baraza lilimaliza ugomvi wa malisho kati ya Nyati na Pundamilia. Kiboko naye akapewa bwawa zima, na wote wakasema ndiyo.

Ndipo Simba akarudi, nyatu nyatu, akamla mtoto wa Bi Swala.

Bi Swala akaja barazani analia. "Jamani, tujenge ua wa miiba. Kila ukoo ulete mzigo mmoja tu!"

"Ndiyo!" wakaitikia wengine wote.

Kiboko akapiga mwayo, aaah! "Mimi sikubali. Simba haji majini. Miiba ya nini?"

Basi ua haukujengwa. Wiki iliyofuata Simba akamla mtoto wa Pundamilia. Kikao cha pili cha ua, Kiboko akasema vilevile, "Sikubali."

Kikao cha tatu Pimbi, mdogo kuliko wote, aliomba kifanyike juu ya mawe, mchana, jua la utosi, na wote, hata Kiboko, wakasema ndiyo. Kiboko akakataa ua tena, akasema, "Haya, tufunge kikao. Ngozi inaniwasha."

"Sikubali," akasema Pimbi.

"Hukubali nini?"

"Kufunga kikao. Nalo ni neno, Bwana Kiboko. Halipiti mpaka wote waseme ndiyo."

"Nitaondoka tu!"

"Nenda, mzee. Ila ukivunja mkataba, bwawa ulilopewa na mkataba huo ni letu sote."

Tembo akatega masikio. "Kweli? Wanangu wanane wanapenda sana kuoga!"

Kiboko akaketi, puu! Jua likachoma. Ngozi ikaanza kupasuka, kra, kra. Bi Swala akamtazama tu.

"Pimbi, mwanangu, nihurumie!"

"Tubadili mkataba kwanza. Wengi wakikubali, neno limepita, na kila ukoo utii."

"Ndiyo," akanong'ona Kiboko.

"Bi Swala hajasikia."

"NDIYOOO!"

Pale pale wengi wakapitisha ua, kisha wakafunga kikao. Kiboko mbio, chubwi! majini. Jioni akatoka amenuna, mgongoni mzigo wa miiba, na Bi Swala akamwonyesha pa kuuweka.

Hayo ndiyo yaliyotokea, wanangu: sheria inayomngoja kila mmoja akubali humlinda mkaidi na kuwaacha wengine waliwe.