Mlango wa Bibi Mwantumu

Mwezi wa Juni mwaka 1954, shule moja ya kati karibu na Korogwe ilipewa mapumziko ya siku tatu kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa Malkia wa Uingereza. Wanafunzi wengi walirudi makwao, wengine Handeni, wengine milimani Usambara. Watatu hawakwenda makwao. Kwa wiki nzima walikuwa wamemganda Mwalimu Mkuu kama kupe, wakiomba ruhusa ya kwenda kuutazama mji wa kale wa Pangani, hata mwisho Mwalimu Mkuu huyo, Habakuki, akakubali kwa sharti.

“Nendeni,” aliwaambia. “Lakini Jumanne asubuhi mmoja wenu atasimama mbele ya shule nzima atueleze mlichojifunza. Akieleza mambo ya maana, darasa lenu lote litakwenda mwezi ujao. Akituletea porojo, hakuna atakayetoka hapa mpaka mwaka uishe.”

Darasa zima likamteua Eliasi awe msemaji. Eliasi alikuwa mtoto wa mnyapara wa shamba la mkonge, kijana mwenye ulimi mwepesi na kaptula iliyopigwa pasi hata ikasimama yenyewe. Wenzake wawili walikuwa Matayo, Mshambaa wa Vugiri aliyependa mzaha, na Isihaka, Mzigua wa Sindeni, mpole kama maji ya mtungini. Malazi yalikuwa juu ya Isihaka, kwa kuwa dada wa bibi yake aliishi Pangani.

Jumamosi alfajiri walipanda gari moshi hadi Muheza, kisha wakadandia lori lililokuwa likienda pwani. Walifika alasiri, wamejaa vumbi na furaha. Eliasi alitembea katikati ya mitaa ile ameachama. Nyumba za mawe zilisimama pande zote mbili, na kila nyumba ilikuwa na mlango mkubwa wa mbao uliochongwa maua na samaki na kupigwa misumari ya shaba.

“Mimi nikilala nyuma ya mlango kama huu,” alisema, “nitaota ndoto za kisultani.”

“Wewe ukilala utakoroma tu kama kawaida,” alijibu Matayo.

Isihaka aliwapitisha mtaa wa mawe, wakavuka uwanja wa mchanga, wakafika kwenye vibanda vya udongo vilivyoezekwa makuti. Akasimama mbele ya kimoja. Mlango wake ulikuwa wa vipande vya mbao visivyofanana hata kimoja. Ubao wa chini ulikuwa umeliwa na mchwa, na bawaba zilikuwa vipande vya ngozi ya kiatu kikuukuu.

“Hodi, bibi!”

“Karibuni, karibuni!” Mwanamke mwembamba wa makamo ya kuelekea uzee akautia mlango bega, ukafunguka kwa kulia. Huyo ndiye Bibi Mwantumu. Isihaka na Matayo wakamwamkia shikamoo, naye akawajibu marahaba na kupokea vifurushi vyao.

Eliasi alibaki nyuma. “Ndiyo hapa?” alimuuliza Isihaka kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini. “Ndugu yangu, tumetoka Korogwe kuja kulala kwenye banda la mbuzi?”

Isihaka aliinamisha macho. 

“Mwanangu,” alisema Bibi Mwantumu, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, “inama kidogo tu, utapita.”

Uso wa Eliasi ulimwiva kwa haya, lakini kiburi kikamshika mkono. Alisema kwamba yupo karani mmoja hapo mjini, Bwana Gregori, aliyewahi kufanya kazi na baba yake, na kwamba ingekuwa utovu wa adabu kutokwenda kumsalimu. Wangeonana kesho. Akabeba kifurushi chake akaondoka.

Nyumba ya Bwana Gregori hakuhangaika kuipata. Ilikuwa na mlango mzuri kuliko yote, mnyororo wa kuchonga ukizunguka fremu yake kutoka chini hadi juu. Eliasi alibisha kwa muda mrefu. Mwisho akafunguliwa na Bwana Gregori mwenyewe, mtu mfupi aliyevaa fulana, ambaye alipomtambua mgeni wake alifurahi na kufadhaika kwa pamoja.

Ndani, Eliasi alipigwa na harufu ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Magunia yake yalipangwa tangu ukumbini hadi uani. Ngazi ya kwendea ghorofani ilikuwa imeanguka nusu, na popo walikuwa wakirukaruka huko juu.

“Usikanyage upande ule, sakafu imeoza,” alisema Bwana Gregori. “Nyumba hii ni ghala la tajiri wangu. Mimi amenipa chumba kimoja cha nyuma, na leo kimejaa, nina wageni wawili walionifikia ghafla.” Akakuna kichwa. “Samahani, kijana wangu. Kila anayeuona mlango hudhani ninaishi kama liwali. Mlango huu unaniletea wageni nisioweza kuwapokea.”

Alimtandikia gunia juu ya benchi pale ukumbini, akampa muhogo wa jana na maji. Hakuwa mtu mbaya, alitoa alichokuwa nacho. Eliasi alilala akijikuna na kugeuka kama chapati juu ya chuma. Ndoto za kisultani hazikuja.

Asubuhi, baada ya kumshukuru mwenyeji wake, alitoka nje na kukutana uso kwa uso na wenzake. Walikuwa wamekoga, wameshiba, na Matayo alikuwa anakwangua meno kwa kijiti huku akisimulia wali wa nazi na samaki wa kupaka kana kwamba anaswali. Mbele yao alitembea Bibi Mwantumu, kanga mabegani, kidole kikionyesha huku na huku.

“Aa! Mwenzenu wa jana huyu,” alisema. “Umelala humu? Basi wewe ndiye utakayetueleza habari za nyumba hii.”

“Bibi, mimi... sijui lolote. Nimeona mbata tu.”

“Basi sikiliza.” Akauweka mkono wake juu ya mnyororo wa mlango, akaufuata polepole kwa vidole. “Mama yangu alitolewa Uzigua wakati wa njaa kuu, mtoto wa miaka saba. Wazee wake walimbadilisha kwa pishi mbili za mtama ili wadogo zake wasife. Aliingizwa nyumba hii kwa mlango wa nyuma, akatumika humu mpaka akawa mtu mzima. Mimi nimezaliwa pale uani, penye magunia sasa. Baadaye aliachwa huru, na mguu wake wa kwanza ukaenda Sindeni kuwatafuta nduguze. Ndiyo maana huyu Isihaka leo ananiita bibi.”



“Na mlango huu?” aliuliza Matayo.

“Aliuchonga marehemu mume wangu. Mwenye nyumba alimwagiza maua na samaki. Mnyororo alijiongezea mwenyewe. Mwenye nyumba alipomuuliza, alisema ni wa kuilinda nyumba. Mimi aliniambia ni wa mama, ili kila apitaye hapa aguse kitu alichovaa utumwani.” Akacheka kidogo. “Milango kumi na mitatu katika mji huu ni kazi ya mkono wake. Wa kwetu hakuuwahi. Kila alipopata mbao nzuri, mteja alizitangulia.”

Eliasi aliutazama tena mnyororo ule. Alikuwa amelala usiku kucha ndani ya nyumba ile, na habari zake zilikuwa nyuma ya mlango alioudharau. Alipiga magoti pale pale barabarani.

“Bibi, nimekukosea. Nisamehe. Na wewe, Isihaka.”

Isihaka alimshika bega. “Mimi jana niliumia, sikufichi,” alisema. “Lakini inuka, unachafua kaptula.”

Wote wakaangua kicheko, na Bibi Mwantumu kuliko wote.

Siku ile waliuzunguka mji mzima, wakaonyeshwa milango yote kumi na mitatu. Jioni Eliasi aliinama, akapita. Ndani alikuta kuta nyeupe kwa chokaa, mikeka ya rangi aliyoisuka Bibi Mwantumu mwenyewe, na sanduku lenye patasi na michoro ya marehemu. Alikula mpaka akafungua kifungo cha kaptula. Jumatatu, kabla ya kuondoka, aliomba aruhusiwe kuutengeneza mlango ule.

“Uache ulivyo,” alisema Bibi Mwantumu. “Huo ndio unaonichujia wageni.”

Jumanne asubuhi Eliasi alisimama mbele ya shule nzima. Angeweza kueleza misumari ya shaba na maua, na wangempigia makofi. Badala yake alieleza kila kitu, kuanzia neno la banda la mbuzi hadi magoti yake barabarani. Hakuruka hata hatua moja. Aliwaeleza pia habari za mtoto wa miaka saba na pishi mbili za mtama.

Mwalimu Habakuki akasimama.

“Darasa lenu litakwenda,” alisema. “Barua ya kumwomba Bibi Mwantumu awaongoze utaiandika wewe, Eliasi, na uiandike kwa adabu. Ninyi wengine, kabla hamjapanda gari moshi, lijueni hili ambalo mwenzenu amelilipia kwa haya yake: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.”