Hadithi Mchana Kweupe

Wapendwa, Biblia zisubiri kidogo. Twendeni kwanza hospitali.

Kulikuwa na nesi mmoja kwenye wodi ya wanawake. Akaletewa bibi aliyeungua mikono yote miwili, nyumba yake imeteketea. Ndugu wakamvuta nesi pembeni wakamnong'oneza: "Sista, habari ya ule moto usimtajie kabisa. Mwache apone kwanza." Si mnajijua? Mgonjwa tunamficha kila kitu, tunamchekea, kisha tukifika nje ya mlango tunajifuta machozi.

Bibi akanyamaza. Uji hataki, chai hataki, amegeukia ukutani. Vidonda vilikauka vizuri, lakini mwenyewe alikuwa anakwisha, na daktari alisema wazi kwamba asipokula watampoteza. Nesi alikuwa ameshampenda. Kila alipoondoa bakuli limejaa vilevile, moyo ulimuuma.

Asubuhi moja alikuwa anambadilishia bandeji, kazi yenye maumivu makali, akaona amsahaulishe kwa hadithi. "Hapo zamani za kale, Sungura na Fisi walilima shamba la karanga..."

Bibi akageuka. "We mtoto! Hadithi mchana kweupe? Kwenu hawakukufunza? Utaota mkia!"

Nesi nusura aangushe mkasi. Akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Basi nisimulie wewe, bibi."

"Haya. Mimi mzee, ukiota nitaufunika kwa kanga."

Bibi akasimulia, lakini Sungura hakuwamo. "Palikuwa na kikongwe na mjukuu wake. Nyumba ikawaka. Kikongwe akaingia, akamkumbatia mtoto, paa likawaangukia. Alipozinduka, kila aliyekuja alimwambia pole, bibi, pole. Mtoto hakutajwa na mtu. Basi akajua."

"Akajua nini, bibi?"

"Kwamba hayupo tena. Aliye hai hutajwa. Hadithi imekwisha, mwanangu. Sasa huo uji wa nini?"

Nesi aliweka mkasi chini akatoka mbio. Kwani mtoto si aliletwa kwa gari moja pamoja na bibi yake? Akavuka ua, akaingia wodi ya watoto, akarudi na kitoto mgongoni, kichwa kimefungwa bandeji, kinatafuna andazi.

"Bibi," akasema, akihema, "uliishia katikati. Mwisho wake huu hapa."

Mmesikia, ndugu zangu? Mtoto alikuwa hai siku zote, ng'ambo ya ua tu! Ndugu walificha habari ya moto ili bibi asijue mtoto ameungua kichwa, naye akaelewa kwamba amekufa. Walimpenda, na kwa kumpenda huko walikuwa wanamzika.

Na sisi je? Ninyi wauguzi mliomo humu, sindano mnachoma, vidonda mnaosha, Mungu awabariki sana. Lakini ni lini mara ya mwisho ulimwambia mgonjwa, "Mama, hebu nisimulie ilikuwaje," kisha ukanyamaza? Nasi wengine tunaobeba machungwa kwenda kuwaona wagonjwa, tunasema pole, tunaomba harakaharaka, macho yakiwa kwenye saa. Wodini kuna mtu amejitungia mwisho wa maisha yake, wa uongo, kwa sababu hakuna aliyekaa kumsikiliza. Anaufia huo uongo. Na mwisho wa kweli unao wewe, umeufunga mdomoni, unauita huruma.