Vifurushi Visivyotiwa Sahihi

Wahenga walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua kwamba mgeni huweza kuja na uzima mkononi. Hawakusema atapitia mlango upi, na hapo ndipo Tarishi alipopotea.

Mtaa mzima ulimwita Tarishi hata baada ya kustaafu, maana alipeleka barua na vifurushi kwa miaka thelathini na minne, na hakumwachia mtu mzigo bila sahihi. Basi daraja la kwendea zahanati lilipochukuliwa na mafuriko, zahanati ikaanza kumtumia mkewe dawa za moyo kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Ilishusha kisanduku uani kwa kamba, ikageuka, ikaenda zake. Hakuna salamu, hakuna daftari. Mzee alikunja uso kama aliyelamba shubiri.

Muuguzi alipiga simu kumweleza kwamba dawa ni zilezile. Tarishi akamjibu kwa adabu kwamba kifurushi kisichotiwa sahihi hakijafika. Aliandika tarehe juu ya kisanduku, akakifungia kabatini kingoje kurudishwa, ufunguo akautia mfukoni. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Mkewe alikuwa akikata vidonge vya zamani nusu nusu, hadi vikaisha. Miguu ikamvimba, pumzi ikawa ya kuazima.

"Mzee, fungua kimoja tu," alisema, ameshika ukingo wa meza. "Jina ni langu. Nitatia sahihi."

"Utampa nani hiyo sahihi, mama? Daraja jipya linakaribia kukamilika. Nitaifuata dawa mwenyewe, nipewe mkononi."

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda kama mboni ya jicho lake. Lakini ukaidi wa mtu mwema nao huua.

Mkewe alizikwa Jumapili. Daraja lilifunguliwa Jumatatu.

Muuguzi alivuka siku hiyohiyo kutoa pole. Tarishi alimfungulia kabati bila kuulizwa. Visanduku vitatu vilikuwa vimepangwa kwa tarehe, gundi haijaguswa. Binti wa watu alivihesabu, kisha akatoa daftari.

"Baba, dawa zikirudi lazima zitiwe sahihi."

Mzee alitia sahihi mara tatu, kwa mwandiko uleule safi wa kazini. Alipomaliza alishindwa kuiachia kalamu, akalia nayo mkononi.

Mgeni alikuja mara tatu akakosa wa kumpokea. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.