Bunduki ya Mitutu Mitatu ya Mzee Mwasomola

Nyamazeni kidogo, niwape kesi iliyonikera. Mkinisaidia kuikata, huenda moyo ukatulia.

Kule Kiwira alikuwako mwindaji wa nguruwe pori, Mzee Mwasomola, mwenye watoto watatu. Ambokile, kifungua mimba, alijaliwa ulimi. Tupokigwe, binti wa kati, alijaliwa subira. Lusekelo, kitinda mimba, alijaliwa macho makali. Mzee alipofariki aliacha bunduki kuukuu na usia: isiuzwe, apewe mtoto aliyeitendea haki.

Baba wadogo walifika matangani. Walichukua baiskeli, wakachukua redio, wakaswaga na mbuzi. Walipoigeukia bunduki, Ambokile akacheka. "Hicho ni chuma chakavu, baba. Mitutu imeoza, ukifyatua itakupasukia usoni." Wakaiacha. Ulimi wake uliiokoa.

Matanga yalipoisha, mama yao alitaka isuguliwe kwa mchanga na majivu kama sufuria, ikakabidhiwe polisi ikimeta mpaka mrithi atajwe. Tupokigwe akaikumbatia. "Mama, baba hakuisugua hata siku moja. Aliipangusa kwa mafuta tu." Akakaa nayo, kitambaa mkononi, mpaka kutu ikalegea na nakshi za kwenye chuma zikabaki salama. Subira yake iliiokoa.

Kisha Lusekelo akaifungua. Chini ya mitutu miwili ya marisau, zile risasi ndogondogo, palikuwa na bomba jembamba, na walioliona walidhani ni la kuwekea fimbo ya kusafishia. Yeye akaona limezibwa kwa nta. Akaitoa nta, na kumbe ni mtutu wa tatu, wa risasi ya mnyama mkubwa! Akaona pia kwamba kila kipande kina namba ileile, hakuna cha kuazima. Asingeyaona hayo, bunduki ingebaki kuitwa chuma chakavu mpaka leo.

Kwa ruhusa ya polisi, wakaenda wote na mama yao kwa fundi bunduki mjini, wajue wanarithi nini. Fundi akaigeuza huku na huku.

"Namba zinalingana, nakshi haijaguswa na msasa. Hii, mama, thamani yake ni nyumba nzuri ya bati na ng'ombe zizini. Lakini mbona mnauliza tena? Kaka huyu alikuja mwaka jana, akanieleza mitutu yote mitatu, akataka bei. Nilimwambia ailete. Akasema mwenye bunduki hajafa bado."

Mama akamgeukia Ambokile.

"Mwaka jana," mama akasema, "baba yako alikuwa kitandani, namnywesha uji kwa kijiko. Wewe ulikuwa unampigia bei?"

Ambokile akainamisha kichwa. "Niliijua, mama, nikanyamaza. Ningesema, baba wadogo wangeibeba. Leo mngerithi nini?"

"Na sisi ulitunyamazia, kaka," Tupokigwe akasema huku analia. "Sisi nasi ni baba wadogo?"

Lusekelo aliifunga bunduki kwenye blanketi, na njia nzima hakumtazama kaka yake.

Mimi nilichukia niliposikia, na bado nachukia. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hasira si hukumu. Bila uongo wa Ambokile, bunduki ingeondoka na mbuzi. Bila kitambaa cha Tupokigwe, ingebaki chuma kilichochunwa. Bila macho ya Lusekelo, siri ya mtutu wa tatu ingebaki kwa Ambokile peke yake.

Sasa polisi wanataka jina la mrithi, na kibali hakiandikwi majina matatu. Mama amekaa na kalamu mbele yake. Kila akianza kuandika jina la mwanawe wa kwanza, mkono unakataa. Akianza kuandika la mwingine, anakumbuka nani aliyewazuia baba wadogo mlangoni.

Msiniambie wagawane, maana usia umekataza kuuza. Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa mama huyu, kalamu ni yako: ungeandika jina la nani?