Kisiki Kilichoguna

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma hamjaitika. Paukwa!

Pakawa!

Basi, palikuwa na mtu na mkewe. Mume aliitwa Lugendo, mke aliitwa Nyamizi. Walihamia pori jipya, wakafyeka, wakachoma, kikabaki kisiki kimoja katikati ya shamba, kipana kama mlango. Na mvua ilikuwa inanukia.

Lugendo hakujua kutulia. Akachukua shoka. "Kisiki hiki kinaondoka leo!"

Akapiga, pa! pa! pa! Shoka likadunda. Chini ya ardhi kitu kikaguna, "Mmh!"

"Mume wangu, umesikia?"

"Nimesikia ngurumo. Mvua inakuja, nasi hatujapanda."

Siku ya pili akapiga, pa! pa! pa! "Mmmh!" Kuku wakarukia paani.

Siku ya tatu akapiga kwa hasira. Ardhi ikapasuka, ukatoka mkono wenye manyoya, ukamvuta Lugendo chini mpaka kifuani.

"Nani anagonga jino langu?"

Kumbe! Chini ya pori lile lilijilaza zimwi, na kisiki kile kilikuwa jino lake bovu.

"Miaka saba naumwa, silali! Naumwa, silali! Naumwa, silali! Huyu nitammeza mzimamzima!"

Nyamizi akasogea karibu, akauliza, "Babu, ukimmeza, jino litapona?"

Zimwi likafikiri. "Halitapona."

"Basi nipe siku tatu, nitaling'oa."

Siku ya kwanza Nyamizi alichimba kulizunguka jino, mizizi yake ikaonekana. Siku ya pili akaikata kwa panga, mmoja mmoja, na kila alipokata alilimwagia jino maji baridi.

"Haraka!" likalia zimwi.

"Haraka, mke wangu!" akalia Lugendo.

"Nyamazeni wote wawili!"

Siku ya tatu mawingu yalikuwa meusi. Nyamizi akapenyeza mti mrefu chini ya jino, akasukuma. Halikutikisika.

"Babu, kazi hii inataka watu wawili. Mwachie mume wangu."

Zimwi likaguna, likasitasita, likamwachia.

Lugendo akachomoka na udongo mpaka masikioni. "Tukimbie!"

"Tukimbilie wapi? Linaumwa, litatufuata popote. Shika mti."

Lugendo akaitazama njia. Akamtazama mkewe, viganja vimemchubuka. Akashika mti.

Wakasukuma, haa! Wakasukuma, haa! Wakasukuma, haa! Jino likang'oka, likabiringika mpaka bondeni.

Zimwi likafunua kinywa, kikubwa kama pango. Lugendo akafumba macho.

Kumbe linapiga miayo! Likajinyoosha mara moja, likalala pale pale, likaanza kukoroma.

Wakafukia shimo kwa mikono, polepole, wakipanda mbegu huku mvua ikiwanyeshea mgongoni.

Walilima shamba lile mpaka uzeeni, lakini Lugendo hakupiga tena jembe kwa nguvu. Ardhi ikitikisika kidogo, anasimama. Anasikiliza mpaka asikie mkoromo. Ndipo anaendelea.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Nanyi, wajukuu zangu, jambo likikushinda kwa nguvu, acha kulipiga. Chimba kwanza ujue limeshikwa na nini.